Kilo za Mafuta, Kilo za Maji

Wewe uliyekaa kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha dawa, umeegemea ukuta na miguu huijui kama ni yako, nakuandikia wewe. Muuguzi wetu aliniambia, "Kiriki, unaongea sana kila asubuhi. Sasa ongea kitu cha kuwasaidia wengine." Ndiyo nimekaa kuandika. Shule yangu iliishia darasa la tatu, kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania. Ukikuta neno limekaa vibaya, lisogeze mwenyewe uendelee mbele.

Kwanza unijue. Kiriki ni kile chuma cha kunyanyulia gari ukitaka kubadilisha tairi. Mimi niliitwa hivyo siku pikapu iliyojaa mafuta ilipozama kwenye matope ya njia ya Gatete, na dereva hana kiriki. Nilishika kona ya nyuma nikainyanyua, wakaweka mawe chini. Kuna watu wanasema tulikuwa watatu. Walikuwepo, ndiyo. Wao walishika, mimi nilinyanyua.

Nilirudi Burundi mtu mzima, na mke, na godoro moja. Sikurithi hata jembe. Kazi ya kwanza niliyopata Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, ilikuwa kusukuma kinu cha mawese. Kama hujakiona, ni pipa la chuma lenye parafujo katikati, na juu yake mti mrefu wa chuma. Wanaume mnaushika mti ule mnazunguka kutwa, ngazi, yaani matunda ya mchikichi, zinabanwa, mafuta yanatoka chini mekundu. Wenzangu walikuwa wanabadilishana. Mimi nilizunguka mpaka tajiri akaniuliza kama sina kwetu. Leo nina vinu vyangu, nina depo ya mafuta karibu na soko, nina nyumba ya matofali ya kuchoma. Hakuna mtu anayeweza kusema alinipa.

Nguvu ile ya kwenye kinu haikutaka kukaa bure. Kinu cha kwanza kilipochakaa nilinunua mti wake wa chuma, nikauweka uwanjani nyuma ya depo, chini ya dirisha la nyumba yangu, vijana wakaanza kuja jioni kujaribu. Kwenye ncha zake tulitundika bidoni za mafuta yanayosubiri siku ya soko, tano huku, tano huku, kwa kamba. Rumonge nzima bidoni tunaiita ishirini, kwa sababu inachukua lita ishirini. Mtu anakuja depo anasema, nipe ishirini mbili. Kwa hiyo hesabu yetu haikuhitaji shule. Bidoni moja, ishirini. Bidoni kumi, mia mbili.

Uwanja ulikuwa na desturi zake. Mvua zikianza, kila mtu anasimama mbele ya wenzake, mkono juu ya chuma, anatangaza kilo atakazoinua kabla ya kiangazi. Ukishatangaza huwezi kuzirudisha mdomoni. Ukishindwa, unawanunulia wote samaki wa mukeke wa kuchoma kule Magara, ufukoni, na wewe unakula wa mwisho. Desturi ya pili, hakuna kuinua bila mtu kusimama nyuma yako, akushike mambo yakiharibika. Hiyo niliiweka mimi. Ila nyuma yangu mimi hakusimama mtu. Nilikuwa nasema, nyuma yangu kuna ziwa, linatosha.

Mwaka ule nilitangaza mia mbili, na si uwanjani kwetu. Nilitangaza kwamba nitaziinua Bujumbura, kwenye mashindano ya watu wenye chuma cha kweli, kile chenye visahani vya duara vilivyoandikwa namba. Kule wanashindana mambo matatu: kuchuchumaa na chuma mabegani, kusukuma chuma kifuani ukiwa umelala kwenye benchi, na kuvuta kutoka chini. Unaweza kuchagua moja. Mimi nilichagua kuvuta. Lile la kulala nililidharau waziwazi. Kulala ni kazi ya wagonjwa, nilimwambia Bosco mbele ya vijana wote, na wakacheka.

Bosco ndiye aliyekuwa kijana wangu wa kwanza pale uwanjani. Anatoka Gatete, fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mwenye shingo kama shina la mchikichi. Tulikwenda naye Bujumbura na wengine wanne, tukabanana kwenye taksi. Nyuma tulipakia bidoni moja ya mafuta, zawadi ya shemeji yangu anayekaa huko.

Niliomba mia mbili moja kwa moja. Unapewa nafasi tatu. Mara ya kwanza chuma hakikutoka chini. Mara ya pili nilivuta mpaka nikaona nukta nyeusi, hakikutoka. Mara ya tatu mguu wa kushoto ulikuwa wa baridi, kama umeuweka ziwani, na watu wa Bujumbura walikuwa wameshaanza kuzungumza mambo yao. Shemeji hatukumkuta nyumbani, tukarudi na mafuta yetu.

Magara tulisimama ili nilipe samaki. Tulinunua kwa Mama Furaha. Huyu ni Mkongomani wa Kivu ya Kusini, amekaa ufukoni pale miaka mingi, ananunua ndagala, yaani dagaa, na mukeke kwa wavuvi asubuhi na kuwauzia wachuuzi. Ana mizani yake ya kuning'iniza, na ana mdomo.

"Kiriki, njo unieleze. Minasikia chuma ya Bujumbura ilikukatalia."

"Chuma chao kina kasoro," nikasema.

Bosco akasema, "Chefu, uwanjani unainua bidoni kumi kila wiki. Tumeona kwa macho. Mia mbili ni mia mbili."

Mama Furaha akatazama ile bidoni ndani ya gari. "Ile njo ishirini yenu?"

"Ndiyo."

"Muilete hapa."

Akaitundika kwenye mizani yake. Tukainama wote kuangalia. Ishirini haikufika. Ilikuwa kumi na nane na kitu.

Mama Furaha alicheka mpaka akakalia beseni. "Mafuta haiko mazito kama maji. Weka mafuta mu maji, inakaa juu, hamujaonaka? Wanaume wazima munauza mafuta kila siku. Kiriki, weye ni bingwa ya mafuta."

Tulicheka sote. Na mimi nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa nimepata jibu. Sikushindwa kwa sababu ya mwili wangu. Nilishindwa kwa sababu kilo zangu zilikuwa nyepesi. Nilikula samaki wa mwisho nikiwa na furaha, na kesho yake nilimwaga hesabu ya zamani. Tulijaza bidoni maji badala ya mafuta, na nikatangaza upya: mia mbili, za maji.

Hapo ndipo ugonjwa ulipata pa kujificha. Nisikilize vizuri wewe mwenye nguvu, kwa sababu mtu dhaifu akiumwa anajua anaumwa. Sisi tuna maelezo. Chuma kilipozidi kuwa kizito, nilisema, ni maji haya. Mgongo ulipouma katikati, mahali pamoja, kama mtu ameweka kidole na hataki kukitoa, nilisema ni mazoezi. Nilipolowa jasho shuka nzima, nilisema ni joto la ziwa. Mkanda wangu wa ngozi, ule mpana wa kuinulia, niliutoboa tundu jipya, kisha jingine, nikafurahi kwamba kiuno kinarudi cha ujana.

Mke wangu, Mama Divine, aliniambia, "Baba Divine, shati linakuning'inia."

"Ni mazoezi."

"Mazoezi gani yanakula mtu mpaka mashavu?"

Nikamwambia aende akapime mafuta. Jioni alinikanda mgongo kwa mawese ya moto na chumvi, kama wanavyokanda watu wa kwenye vinu. Aligusa fundo katikati ya uti wa mgongo, dogo kama ngazi moja ya mchikichi. Mkono wake ukasimama pale. Tulikuwa wawili chumbani na kila mmoja alikuwa peke yake na lile fundo.

Nilianguka Magara, mbele ya mizani ya Mama Furaha, mchana, watu wamejaa. Nilikuwa nimeinama kuchukua beseni la ndagala. Beseni la ndagala tu. Miguu haikuuma. Haikuwepo. Nikakaa chini mchangani, samaki wamenimwagikia mapajani, na watu wakaanza kucheka, kwa sababu siku zote nilikuwa nawachekesha. Mvuvi mmoja akasema, "Kiriki leo anatuonyesha namna ya kuinua kwa makalio." Nami nilicheka, nikingoja miguu irudi ili nisimame na kumjibu.

Mama Furaha hakucheka. Alikuja akapiga magoti akanishika goti. "Unasikia mukono yangu?"

"Mkono upi?"

Akawaambia watu wakae kimya, na wakakaa.

Hospitalini Rumonge nilijifunza kungoja. Kungoja ni kazi, na mimi ambaye nimefanya kazi zote sikuwa naiweza. Unangoja kadi, unangoja kuitwa, unangoja mwenye ufunguo wa chumba cha picha. Picha ikatoka, wakaitazama wawili, wakaiweka kwenye bahasha wakasema Bujumbura. Nilipelekwa nimelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, na barabara ile ya ziwani naijua kwa miguu yangu, lakini siku ile niliona vilele vya michikichi tu na waya za umeme. Nilijua tumepita Magara kwa harufu.

Daktari wa Bujumbura alikuwa mwanamke kijana, sauti ndogo. Alisema ni kifua kikuu. Nikamwambia sikohoi. Akasema hiki kimekaa kwenye mgongo, kimekula mfupa, na mfupa unabana mishipa ya miguu. Nikamuuliza swali langu moja, "Nitainua tena?" Akasema, "Mzee, tuanze na kusimama."

Nikarudishwa Rumonge na bahasha ya vidonge, na korse. Korse ni kama mkanda wa kuinulia, ila ni mgumu, unaanzia kwapani unaishia kwenye nyonga. Wa kwangu wa ngozi nilikuwa naufungua nikimaliza. Huu nilikuwa nakaa ndani yake kama bidoni ndani ya kasha.

Vidonge vya kwanza ni vikubwa na ni vingi, na utakuta mkojo umekuwa mwekundu. Usiogope. Hata mimi hawakuniambia mapema. Niliona rangi ya mawese kabisa, nikasema, Kiriki, umeyauza mpaka sasa yanatoka ndani yako. Nikatafuta mtu wa kumwambia mzaha huo, chumba kilikuwa na kiti, sufuria, na kalenda ya mwaka uliopita.

Niseme juu ya sahani. Muuguzi alimweleza mke wangu kwamba cha mgongo hakiruki kwenda kwa mtu kama kile cha kifuani. Alielewa. Lakini mama yake alikuja kutoka Bugarama, akasikia neno igituntu, yaani kifua kikuu, na kwa Kirundi neno hilo lina historia yake katika nyumba za watu. Siku hiyo hiyo nililetewa chakula kwenye sahani ya bati yenye alama ya rangi ya kucha ukingoni. Nilitazama ile alama nyekundu. Watoto wakapelekwa Bugarama kwa bibi yao, "mpaka mambo yatulie". Mke wangu alibaki, lakini kutwa alikuwa depo, kwa sababu mtu mmoja lazima asimame pale, na aliyekuwa anaweza kusimama ni yeye.

Nilimpigia kelele sana wakati ule. Mafuta yamepimwa vibaya, kinu hakijafungwa, chai ni ya baridi. Siku moja alisimama mlangoni na kitambaa chake cha depo kimelowa mafuta, akasema kwa utulivu, "Baba Divine, mimi nasukuma peke yangu. Unaposukuma peke yako, unataka mtu akupigie kelele?" Akaondoka. Nililia siku hiyo. Mwanaume aliyenyanyua pikapu alilia kwa sababu ya chai.

Vijana wa uwanjani walikuja mwanzoni, wakasimama kwenye mlango, hawajui mikono waiweke wapi. Walitazama mikono yangu juu ya shuka, kisha wakatazama dirisha. Wiki zikapita wakapungua. Mvua zilipoanza alikuja Bosco peke yake.

"Mzee," akasema. Zamani aliniita chefu. "Ni wakati wa kutangaza. Vijana wanauliza habari ya chuma."

"Chuma kiko mahali pake."

"Ndiyo. Lakini uwanja umeota majani. Tulifikiri tukipeleke Gatete, kwangu, mpaka upone."

Nikamwambia wachukue. Ningesema nini? Nilikuwa nimelala, dirisha liko upande wa uwanja, na nilisikia wanavyokitoa. Chuma kile kinapogonga jiwe kina sauti yake, naijua kama sauti ya mwanangu. Wakakibeba watu wanne. Nikasikia wanacheka njiani, kicheko cha kawaida tu cha vijana wenye mzigo, si kwa ajili yangu. Hilo ndilo liliuma. Halikuwa kwa ajili yangu hata kidogo.

Mke wangu aliporudi aliuona uwanja mtupu. Siku iliyofuata nililetewa chakula kwenye sahani ya bluu, ya kila mtu. Yeye akakaa kitandani akala nami kwenye sahani hiyo hiyo, na hakuitaja ile ya bati, wala mimi. Sijaiona tena mpaka leo.

Wagonjwa, mwili utawashangaza. Mapaja yangu yalikuwa yanachana suruali. Yakawa kama mikono. Kwenye mizani ya kituo cha afya nilikuwa natazama pembeni. Kwenye benchi la asubuhi tulikaa watu mbalimbali, tunameza mbele ya muuguzi, tunarudi. Kulikuwa na mwalimu mmoja mwembamba ambaye hakuwahi kuongea, lakini kila nilipofika, mwanzoni nimebebwa, baadaye na magongo yangu, alisogea bila kunitazama, akaniachia pembe ya karibu na dirisha, palipo na upepo. Kila asubuhi. Sijui jina lake mpaka leo.

Kitu kingine. Mara kwa mara dereva wa taksi ya Magara alisimama kwetu akaacha kifuko cha ndagala wakavu. Hana ujumbe. "Wametumwa," anasema, anaondoka. Sikuuliza na nani. Niliwatafuna mmoja mmoja, kwa sababu ilikuwa njia ya kurefusha mchana.

Miguu ilirudi polepole. Kwanza moto kwenye nyayo, nikashukuru kwa moto. Kisha kidole gumba. Kisha, kiangazi kilipoingia na vumbi limekaa juu ya michikichi, nikasimama nimeshika dirisha, nikaona uwanja wangu. Majani yamefika magotini. Na pembeni, bidoni moja waliyoisahau, ya njano, imepasuka mfuniko.

Nilianza na ile. Daktari alikuwa amesema nitembee, na mtu akitembea anabeba kitu, ndivyo nilivyo. Niliweka maji kidogo ndani yake, nikachora mstari wa mkaa kwa nje. Hilo ndilo lilikuwa lengo langu: kuinyanyua kutoka kwenye meza mpaka kifuani, nimekaa, mgongo umenyooka ndani ya korse. Nilipoiweza nilichora mstari juu kidogo. Mimi niliyetangaza mia mbili mbele ya watu, nilitangaza maji ya kikombe mbele ya ukuta. Kulikuwa na mjusi anayekaa kwenye matofali, alinisikiliza.

Nilipomaliza vidonge, mvua nyingine zilikuwa zimekuja na kupita. Nikarudi Bujumbura kwa daktari wangu wa sauti ndogo. Alitazama picha mpya kwa muda mrefu. Akasema nimepona. Kisha akasema, "Mzee, kuvuta kutoka chini, usahau. Na kubeba mabegani, usahau. Milele."

"Nibaki na nini?"

Akafikiri. Aliuliza michezo yetu iko vipi, nikamweleza yote matatu. Akasema, "Lile la kulala. Mgongo ukiwa umelala wote kwenye benchi, hujaukunja, na uzito mdogo. Labda."

Nilirudi nyumbani na lile "labda" kama mtu aliyebeba yai. Kulala ni kazi ya wagonjwa. Nilikuwa nimelala zaidi ya mwaka. Kama kuna mtu aliyefanya mazoezi ya kulala katika nchi hii, ni mimi.

Seremala akanitengenezea benchi la mti mgumu, nikaliweka uwanjani. Chuma nilinunua kingine, kifupi. Lakini kwenye mchezo huu kuna jambo moja lisilo na mzaha. Umelala, chuma kiko juu ya koo lako. Lazima mtu asimame kichwani pako. Gatete ni karibu, ningemwita Bosco, angekuja. Nilishika simu mara kadhaa. Nikakumbuka kile kicheko cha njiani, nikaiweka chini.

Mama Divine alinikuta nimekaa kwenye benchi, natazama chuma.

"Unangoja nani?"

"Nangoja mtu wa kusimama nyuma."

"Zamani nyuma yako si lilikuwa ziwa?"

Akafunga kitenge vizuri kiunoni. "Miaka yote umenikataza kuingia humu. Unasema wanawake wanaleta mkosi kwenye chuma. Nishike wapi?"

"Usishike. Weka mikono karibu tu. Kikinishinda, ndiyo ushike."

"Na nitajuaje kimekushinda? Wewe husemi."

"Nitasema."

"Baba Divine."

"Nitasema, mama."

Nililala. Kutoka pale unamwona mtu kichwa chini miguu juu. Nilikuwa sijawahi kumtazama mke wangu hivyo. Alikuwa amezeeka kidogo chini ya kidevu, na mikono yake, iliyokuwa ya kupika, ilikuwa na misuli ya kinu. Nikasukuma. Mara ya nne chuma kilisimama katikati, kikatetemeka. Nikasema, "Shika." Neno dogo hivyo. Alishika, tukakirudisha pamoja.

Siku ya kutangaza nilimtangazia yeye, mkono juu ya chuma: kilo sitini, Bujumbura. Bosco angesukuma mara mbili yake bila kukunja uso. Mama Divine hakucheka. Aliuliza tu kama shati langu la kushindania bado linanikaa. Halikunikaa. Alilipunguza.

Nilikwenda Bujumbura peke yangu, kwa sababu ilikuwa siku ya soko na depo haifungwi. Walinipima uzito wa mwili, nikaingia kundi la watu wadogo. Nimekaa kati ya vijana wanaonuka dawa ya kuchua, magoti yanagongana, hakuna anayenijua. Mmoja aliniuliza kama nimemleta mwanangu. Walipoita jina langu, lile la kwenye kitambulisho, sikugeuka mara ya kwanza. Hakuna mtu huko anayejua Kiriki.

Nikalala. Juu ya kichwa changu alisimama mtu wa kazi, amekunja mikono, anatazama saa. Nikateremsha chuma mpaka kifuani, nikangoja amri, na kungoja sasa nilikuwa nakujua kuliko mtu yeyote ukumbini mle. Wakasema sukuma. Nikasukuma. Kilipita pale katikati kinapokwamaga, mikono ikanyooka. Taa tatu nyeupe, yaani waamuzi wote watatu wamekubali. Nilikaa kitako nikatazama viti. Watu walikuwa wanatazama simu. Mama mmoja muuza karanga alipiga makofi mawili, nafikiri alikuwa anakung'uta chumvi.

Nikavaa shati nikapanda taksi ya kurudi. Jua lilikuwa linapiga ziwa upande wa kulia, abiria wamelala. Nilikuwa na habari kubwa kuliko zote za maisha yangu na hakuna wa kumpa.

Magara nikamwomba dereva asimame.

Mama Furaha alikuwa amekaa penye mizani yake, anachambua ndagala. Hakuinuka. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwa, kisha akarudi kwenye viatu.

"Unatembea," akasema.

"Natembea. Murakoze, asante kwa ndagala."

"Ndagala gani?" Akatupa kamoja kalikooza. "Ile siku, minapima bidoni. Ningepima weye."

Nikasimama pale. Akanisogezea kigoda kwa mguu.

"Unatoka Bujumbura na shati ya chuma. Umeinua ngapi?"

"Sitini."

Akaacha kuchambua. Akanitazama jicho moja limefungwa, kama anavyomtazama mvuvi anayemdanganya.

"Sitini ya mafuta ao ya maji?"

"Ya maji, mama," nikasema. "Zote za maji."

Akafuta mikono kwenye kitenge, akachukua mukeke mkubwa aliyekuwa kwenye moto, akaniwekea kwenye jani. Nikala wa kwanza.